Wivu wa Baba wa Benchi

Eti kwa nini Inspekta hakumtia muuguzi pingu palepale? Aa, wewe nawe una haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Pingu zilikuwepo, zinaning'inia kiunoni. Muuguzi alikuwepo, kakaa kwenye stuli analia kamasi na machozi. Na Metroni, mkubwa wa wodi ya wazazi, alikuwepo, mikono kiunoni, kesi keshaimaliza yeye mwenyewe: mwizi huyu hapa, mbebe. Lakini yule Inspekta watu hawakumpa jina la Kobe bure. Kobe akikuta ukuta haurukii, anauzunguka.

"Metroni," akasema, "nionyeshe kwanza hilo friji."

"Friji la nini tena? Dawa haipo, na mwenye zamu alikuwa yeye. Moja na moja ni mbili."

"Mimi, mama, nikisimuliwa chakula sishibi. Nionyeshe."

Dawa yenyewe ni ile sindano anayochomwa mama akishajifungua tu, kizazi kibane, damu isimwagike. Wodi ya wazazi bila dawa ile ni sawa na dereva bila breki. Kiboksi kizima kilikuwa kimetoweka jana yake. Metroni alishatuma mtu akaazime vichupa hospitali ya jirani ili akina mama wasipate shida, ila kwa mwizi hakutaka masihara. Kabla jua halijazama muuguzi aondoke wodini na polisi, basi.

Na yule muuguzi, watu wakimwita Sista Cheko kwa sababu meno yake hayakuwahi kulala ndani, siku ile cheko lote lilikuwa limekauka. Akamwambia Inspekta, "Mzee wangu, nikitoka hapa na pingu, sitampokea tena mtoto wa mtu maisha yangu yote. Hata nikirudi msafi, nani atanipa kichanga chake nishike?"

Kobe akaingia chumba cha dawa.

Kilikuwa chumba kidogo, mlango wake unatazamana na benchi la wageni kwenye korido. Friji fupi la kufika gotini, lina kufuli. Nyuma ya mlango msumari, na msumarini ufunguo.

"Nani anaujua huu msumari?"

"Watumishi tu," Metroni akasema, kidevu juu.

Hajafunga hata mdomo, mama mmoja akapita koridoni na kikapu, akachungulia: "Metroni shikamoo! Ule ufunguo upo palepale msumarini? Nataka nimwekee mkwe wangu maziwa."

Kobe akakohoa kidogo, hivi, kama mtu aliyepaliwa na mate. Metroni akamfukuza yule mama kwa macho tu.

Friji likafunguliwa. Katikati ya rafu pana nafasi tupu ya kiboksi kimoja. Kushoto na kulia vimejaa viboksi vingine, vyeupe vyote, mtu asiyejua asingejua kipi ni kipi. Juu ya friji kuna kibebeo cha baridi, lile boksi gumu la kusafirishia dawa na vibarafu vyake. Pembeni sinia la mabomba ya sindano, limejaa, halijaguswa. Na karibu na ukingo wa friji, duara. Duara jembamba, limekauka, kama alama ya kitako cha chupa. Kobe akalikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Uji," akasema.

"Uji?" Metroni akashangaa. "Umekuja kupeleleza uji?"

"Sista, dawa hii ikikaa kwenye joto inakuwaje?"

Muuguzi akafuta pua. "Inakufa, mzee. Inabaki maji matupu."

"Na wewe unalijua hilo."

"Hata mfagizi wa hapa analijua."

"Sasa Metroni, mwizi anayeijua dawa amefika hapa. Kibebeo cha baridi kipo mbele ya macho, hakukibeba. Mabomba yapo, hakuchukua hata moja. Hii dawa bila bomba unaitumiaje? Unaipaka kichwani?"

Metroni akasema kwa sauti ya chini, sauti iliyotoka mahali pengine kabisa: "Wewe hujui tu. Huyu binti kaja juzi. Mtaa mzima sasa watoto wa kike wanaitwa jina lake. Mimi nimewazalisha mama zao, nimewazalisha na bibi zao. Umewahi kusikia mtoto kaitwa jina langu?"

"Nasikia, mama."

"Umewahi kusikia?"

"Sijasikia."

Hapo simu ya Inspekta ikalia. Mkewe.

"Uko wapi baba watoto? Mbona nasikia sauti ya mwanamke analia?"

"Ni muuguzi. Niko wodi ya wazazi."

Kimya. Kimya kile ambacho kila mwanamume aliyeoa anakijua.

"Wodi ya wazazi unafanya nini? Nani kajifungua?"

"Hakuna aliyejifungua! Yaani wapo, wamejifungua wengi, lakini si..."

"Wengi!" Simu ikakatwa.

Kobe akairudisha mfukoni taratibu kama mtu anayeweka yai. Metroni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mdomo ukamcheza. Labda ndiyo maana akatoa fununu yake. "Wakamuaji," akasema. "Wale wenye ng'ombe nyuma ya soko. Nimesikia wanaitafuta dawa hii wamchome ng'ombe, maziwa yashuke. Na mabomba wanayo yao. Mwulize huyu kamuuzia nani."

Fununu ilikuwa na akili, na Kobe si mtu wa kudharau akili ya mtu kwa sababu tu ana kinyongo. Akaenda. Na Metroni akaenda naye, akimkokota muuguzi mkono. "Simwachi," akasema. "Akitoroka mtaniambia nini?"

Zizini wakamkuta mkamuaji kachuchumaa chini ya ng'ombe mwekundu, ndoo magotini, anaimba. Ndiyo, anaimba, tena kwa sauti ya kubembeleza. Ndama mdogo kafungwa pale mbele, mama yake anamlamba masikio.

"Nasikia mnachoma sindano," Kobe akasema.

"Nani? Mimi?" Mkamuaji akacheka. "Afande, tazama. Ndama yuko hapa, mama anamwona, anamnusa, nimemkanda kwa kitambaa cha maji moto. Maziwa yenyewe yanashuka kama bomba limefunguliwa. Wapo wanaochoma, sikatai, lakini ng'ombe wa namna hiyo kesho hakupi kitu bila sindano. Daktari wa mifugo alituweka chini akatueleza. Ni homoni, akasema. Mwili wenyewe unaimwaga. Ndiyo inayoshusha maziwa, ndiyo inayomfunga mama na mwanawe, na akasema hata mke na mume wakishikana vizuri inakuwemo humohumo."

"Mke na mume!" Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa mabati. Alikuwa mke wa mkamuaji, anaosha madumu. "Mwulize afande, mwulize mara ya mwisho kuniimbia mimi ni lini! Ng'ombe anaimbiwa, mimi nakoromewa!"

"Umeona?" mkamuaji akanong'ona. "Wivu kwa ng'ombe." Akainuka kidogo abadilishe mguu, na kwa bahati mbaya kiwiko kikamgusa ndama. Pwaa! Ng'ombe akarusha teke, ndoo huko, mkamuaji huku, maziwa yakamfika Metroni mpaka kwenye soksi zake nyeupe.

"Na huyu," mkamuaji akasema akiwa bado kalala chali, "kabla hajazaa alikuwa ananilamba shingo. Daktari akasema ndivyo ilivyo. Kitu hichohicho kinachompendesha ndama ndicho kinachomfanya aninunie mimi. Ndani ya ua mapenzi, nje ya ua pembe."

Mke wake kule akapiga makofi ya furaha. "Afadhali! Naye aonje kuachwa!"

Kobe hakucheka. Alisimama palepale, kiatu kimoja kwenye samadi, hata hajui. Alikuwa anamtazama mkamuaji anavyojipangusa, mtu mzima mwenye ndevu, uso umemshuka kama mtoto aliyenyimwa.

"Sista," akasema polepole. "Ukimchoma mama sindano ile, huwa unasema chochote?"

Muuguzi akaona haya. "Nasema tu, mzee. Utani wa kuwaondolea woga. Nakiinua kichupa juu, kila mtu akione, nawaambia: huyu ndiye mpishi wa mapenzi, sasa hivi mtapendana mpaka watu waone wivu."

"Kila mtu ni nani?"

"Mama mwenyewe. Na ndugu walioko mlangoni. Mlango wetu haufungi vizuri, waliokaa benchini wanaona."

"Mimi nimemkataza!" Metroni akadakia. "Mara mia!"

"Jana nani alikuwa benchini, mwenye chupa ya uji?"

Sista Cheko akafumba macho, akakunja uso. Waliotoka wodini jana hawakuwa wengi. Mmoja alifuatwa na dada zake, walikuja na wali. Mwingine alikuwa na shangazi, hakuleta kitu ila maneno. "Na yule fundi viatu!" akasema. "Baba wa benchi! Tulimwita hivyo kwa sababu alikaa pale tangu mkewe alipoingia, hakwenda hata kazini. Wanaume hatuwaruhusu ndani. Alikuwa anauliza kila anayetoka, 'Kaniulizia?' Jana alikuja na chupa ya uji, akakaa kumsubiri mkewe aruhusiwe."

"Na mkewe alikuwa amemuulizia?"

Muuguzi akainamisha kichwa. "Hata siku moja, mzee. Alikuwa na mtoto tu. Mtoto, mtoto, mtoto."

Wakaenda wote watatu, Metroni viatu vinafanya chwa, chwa, vya maziwa.

Nyumba ya fundi viatu ilikuwa na baraza mbele, ndipo penye kazi: misumari, soli, makopo ya gundi, viatu vya watu vimejipanga mguu mmojammoja kama askari waliopoteza wenzao. Pembeni ya viatu, mkeka umekunjwa, na mto. Mtu analala barazani, Kobe akaona. Mwenye nyumba analala barazani na mkewe yumo ndani.

Mlangoni akatokea mama mkwe, kanga kifuani, mwiko mkononi. "Karibuni, lakini sauti chini. Mwanangu kajifungua, mjukuu amelala."

"Mkweo yuko wapi, mama?"

"Yupo jikoni. Tangu asubuhi ananigombania jiko! Mimi nimetoka kwetu kuja kumpikia mwanangu, yeye anataka kupika uji. Mwanamume na uji wapi na wapi? Na uji wenyewe unanuka dawa."

Muuguzi na Metroni wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kutazamana bila kuumana.

Kobe akaomba maji anawe. Bombani, kwenye kitundu cha kutolea maji, kitu kiling'aa. Akakiokota kwa kucha mbili. Shingo ya kichupa, kioo chembamba, imevunjwa vizuri. Akakiweka kwenye leso, akaingia.

Fundi viatu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, vidole vimeganda gundi. Alipomwona Sista Cheko nyuma ya Inspekta, bakuli alilolishika akalificha mgongoni.

"Fundi, kaa."

"Nimesimama sawa, afande."

"Kaa, kijana wangu. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Kumchukua mke wangu."

"Ukakaa wapi?"

"Benchini."

"Chupa ya uji uliiweka wapi?"

"Nilikuwa nayo mkononi."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Basi nani kaacha duara la uji juu ya friji la dawa?"

Fundi akatazama miguu yake. Kobe akafunua leso, akaweka kile kioo mezani, wala hakupandisha sauti. "Huyu binti unamjua. Alimpokea mwanao. Leo anapelekwa kituoni kwa jina la mwizi, na mimi ndiye nitakayemfunga pingu. Nikuulize tena?"

Hapo ndipo yule mtu mrefu akakunjika kama ngozi mbichi. Akatoa kiboksi chini ya sanduku la zana, pale karibu na jiko, pana joto la kuivisha ndizi. Vichupa viwili havimo.

"Sikutaka kuuza," akasema. "Wallahi sikutaka kuuza."

"Ulitaka nini?"

"Mimi ni fundi, afande. Gundi naijua. Ukiipaka, kitu cha kwanza kubanwa nayo ndicho kinachoshika. Ukichelewa hata kidogo, imekula kwako. Mimi niliona kwa macho yangu kwenye ule ufa wa mlango. Sista kainua kichupa, kasema haya ndiyo mapenzi, kachoma. Na kitu cha kwanza alichowekewa mke wangu kifuani ni nani? Mtoto. Mimi niko nje, benchini, nimeshika kandambili zake. Nikajua imeshika kule. Tangu siku ile hajaniulizia hata mara moja. Nikimchungulia ufani, macho yake yako kwa mtoto. Nikasema basi, nipake mkono wa pili, safari hii mimi ndiye niwe mbele yake. Kiboksi nilishamwona Sista akikitoa katikati ya rafu, na ule msumari wa ufunguo kila mtu anaujua."

Nyuma yao pazia likasogea. Mkewe alikuwa kasimama pale, mtoto begani, kasikia yote.

"Umenitilia dawa kwenye uji?"

Fundi akakisukuma kiboksi mbali na mkono wake.

"Nakuuliza wewe. Umenitilia?"

"Leo asubuhi. Na jana jioni. Nikakaa mbele yako uniangalie, ukalala."

Mama mkwe akainua mwiko. "Nilisema mimi! Nilisema unanuka!"

"Mama, ngoja." Mke sauti yake ilikuwa inatetemeka, na si kwa kicheko. "Ninanyonyesha. Hukujiuliza mtoto atapata nini? Na kama ungeniua?"

Fundi akafunika uso. Ndipo Sista Cheko, mwenye haki kuliko wote ya kumtukana, akachuchumaa mbele yake. "Hujamdhuru, shukuru Mungu. Ile ukiichemsha inakufa, na ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama nyama. Lakini hukujua hilo ulipoitia. Na makosa mengine ni yangu, na utani wangu. Sindano ile inabana kizazi, basi. Kichwani haifiki kitu. Ile ya kupendana mwili unaitengeneza wenyewe, ukigusana, ukibebana, ukitazamana. Na si ya mama peke yake. Baba akimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na yeye inamwagika. Wewe umeshambeba mwanao?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Hata mara moja?"

"Sipewi," akasema, na macho yakaenda kwa mama mkwe, yakakimbia.

"Ana mikono ya gundi!" mama mkwe akasema. "Na mimi je? Nimeachiwa nini? Binti yangu kaolewa mbali, siku zote anasema mume wangu, mume wangu. Nimempata siku hizi chache, na yeye huyu anataka hata jiko!"

"Na mimi mnadhani sina wivu?" mke akasema, machozi yanamtoka. "Wewe jana umelala barazani usiku kucha kama mfalme, nakusikia unakoroma. Mimi mtoto kaning'ang'ania kama kupe, mama kanikalia kichwani. Nikakuona unakwenda zako na mkeka wako, hukubisha hata neno. Nikasema haya, kaona afadhali viatu."

"Nilidhani hunitaki."

"Ungeuliza! Mdomo unao!"

Wa kwanza kusogea alikuwa Metroni. Akanyoosha koti lake lililoganda maziwa, akatoa ile sauti yake inayofanya hata mimba isimame wima. "Wewe baba, nenda kanawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Vua shati. Bibi, weka mwiko chini, mpishe njia. Mama, mpe mtoto. Hili si ombi, ni amri ya wodi."

Na nani wa kumbishia? Fundi akanawa mpaka ngozi ikawaka. Akakaa, kifua wazi, mifupa inahesabika, Metroni akamlaza mtoto pale juu na kumfunika kanga. Mtoto akanusa, akatafuta ziwa kushoto, akatafuta kulia.

"Hapo hakuna dili, bwana mdogo," Kobe akasema.

Wakacheka, hata mama mkwe, ingawa yeye aligeukia ukutani ili asionekane. Mtoto akakata tamaa, akaweka shavu, akalala. Fundi hakucheka. Alikuwa ameacha hata kupumua vizuri, anaogopa kifua kisipande sana.

Metroni akamgeukia Sista Cheko. Akasema, "Kesho zamu yako ni ya asubuhi. Usichelewe. Na ule msumari nitaung'oa mwenyewe." Muuguzi akaitikia, "Ndiyo, Metroni," na meno yakatoka.

"Fundi," Kobe akasema, "wizi ni wizi. Ukishiba tutakwenda mimi na wewe kituoni, utaandika maelezo, na dawa iliyoharibika utailipia wodi. Hilo halina njia ya mkato."

"Nitakwenda, afande."

"Ukishiba, nimesema. Mimi tangu asubuhi sijatia kitu tumboni ila harufu ya uji."

Mama mkwe akapakua. Mkeka ukatandikwa chini, sinia la wali katikati, bakuli la maharage, kila mtu akapata pa kukunja goti. Kasoro fundi. Yeye alibaki kule kwenye kiti karibu na mlango, mahali pake alipopazoea, mtoto kifuani, anawatazama wenzake wananawa. Mkewe akaona. Akamtazama mama yake, na mama mkwe akaona kwamba ameonwa.

Akaguna. Akasogeza sinia. Akajisogeza na yeye mwenyewe, akaacha nafasi pana kati yake na binti yake.

"Haya, njoo hapa wewe," akasema, bila kumtazama. "Sinia halina miguu, halitakufuata huko mlangoni."

Fundi akainuka polepole, mkono mmoja mgongoni kwa mwanawe, akaja akakaa. Mkewe akamega tonge, akampelekea mdomoni. Wakala.